Jogoo wa Mama Japhet

"Jogoo wangu yuko wapi?"

Tharsisi aliuliza akiwa bado mlangoni mwa boma, na safari hii hata salamu hakuitanguliza. "Nimepiga inanga hapa kwako mpaka vidole vikachubuka, halafu nafukuzwa kwa kibuyu cha pombe iliyochacha. Mimi ni mbwa wa jirani?"

Theodosia alikuwa amechuchumaa, anachambua maharage kwenye ungo. Uso hakuuinua.

"Mbwa wa jirani akibweka watu wanamsikia," alisema. "Wewe jina la mwanangu ulilitaja saa ngapi?"

"Nililitaja!"

"Nani alisikia?"

"Waliokaa karibu walisikia. Wewe ulikuwa unalia kama honi ya lori, ungesikiaje? Inanga hainadiwi kama dagaa, mama Japhet. Inanga ni ya kunong'ona."

"Basi mnong'oneze na jogoo. Akikusikia atakufuata."

Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo zao za maji walicheka hadi mmoja akamwaga. Tharsisi aligeuka akaondoka na ubao wake wa nyuzi kwapani, masikio yakiwaka moto. Mwanaume akidaiwa hulala usingizi. Akichekwa na wanawake wenye ndoo, hapo ndipo usingizi unapokimbia.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Japhet, mtoto pekee wa Theodosia, mtu mwenye mke na mtoto, alikufa kwa kuhara damu, masika ya ule mwaka ambao ugonjwa huo ulizoa watu wa kijiji cha Murungu kama anayefagia uwanja. Siku ya kuanua matanga ilipofika, mama yake alimwita Tharsisi aje kupiga inanga. Makubaliano yalikuwa jogoo mmoja. Kazi nayo ilikuwa moja: majivu ya matanga yakitolewa nje, mpigaji alitaje jina la marehemu ndani ya wimbo, mama alisikie, ndipo afungue kamba ya mgomba aliyojifunga kiunoni kwa matanga, aoge, na arudi kusalimiwa kama watu wengine. Tharsisi alipiga vizuri, hilo hata adui zake hawakulikana. Lakini majivu yalipotoka, uzi mkubwa ukakatika. Akalitaja jina juu ya nyuzi zilizobaki, kwa ile sauti ya kunong'ona, na mama mtu alikuwa chini anagaagaa. Kwa Tharsisi kazi ilikwisha. Kwa Theodosia haikuanza. Kamba ikabaki kiunoni.

Wakati huo Tharsisi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mama yake alikuwa Muha wa hapo hapo Murungu. Baba yake alivuka kutoka Burundi mwaka wa mauaji, sabini na mbili, wenzake wamebeba mikeka na sufuria, yeye kabeba inanga: ubao mrefu uliochimbwa katikati kama sinia, umepigwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe. Mzee alipokufa aliacha ubao na mtoto, na vyote viwili havikujua kulima. Mwenye kulima alikuwa Evaline, mke wa Tharsisi. Watu walimtania kisimani: "Evaline, bwana ameamka au anakuna ubao?" Naye aliwajibu, "Anakuna. Wa kwenu anakuna nini?"

Lakini Tharsisi alikuwa na kipaji, tena kipaji chake mwenyewe. Nyimbo za wafalme na ng'ombe wenye pembe ndefu aliwaachia wazee. Yeye alitunga juu ya mambo yaliyoonekana na watu: lori la mahindi lililozama matopeni wenye nalo wakala ubwabwa wa arusi ya wengine, mtendaji aliyechangisha bati za zahanati na nyumba yake ndiyo ikang'aa. Watu walikaa naye goti kwa goti, maana kunong'ona ukiwa mbali unasikia nyuzi tupu, na walimtazama mdomo.

Nyimbo za namna hiyo zilikuwa na sheria yake, na sheria ilikuwa ya mtungini. Mwenye lalamiko aliliimba mbele ya mtungi wa pombe, na anayelalamikiwa alikuwa amekaa palepale, mirija yao miwili imezama kwenye mtungi mmoja. Wimbo ukiisha, aliyeimbwa alijibu ubeti mmoja tu. Watu waliwacheka wote wawili, pombe ikaendelea, na neno likabaki chini pamoja na machicha. Hakuimbwa mtu asiyekuwepo. Hiyo ni kusengenya, na kusengenya hakuhitaji inanga.

Hapo ndipo Tharsisi alipokwama. Mwanamke mwenye kamba ya matanga kiunoni haingizi mrija kwenye mtungi wa watu. Theodosia hangeweza kukaa mbele yake, na yeye hangeweza kumwimba. Evaline akamwambia neno la akili: "Rudi ukampigie tena. Ni kutaja jina tu, utakufa?" Tharsisi akasema hawezi kufanya kazi ileile mara mbili kwa jogoo mmoja. Wiki hiyohiyo akadandia lori la mahindi, akakaa juu ya magunia, akaenda Kasulu.

Kasulu alikuwepo Gharibu, fundi redio, mtu wa Ujiji, mwembamba kama waya anazounga. Kibandani mwake alikuwa na redio kaseti ya deki mbili, na kwa hiyo alikuwa anarekodi kwaya, ngoma, mawaidha, na hata mtu aliyetaka kumtukana shemeji yake aliye mbali. Tharsisi alipiga wimbo mmoja wa kujaribu. Gharibu akarudisha mkanda wakasikiliza.

"Nyuzi nazisikia," Tharsisi alisema. "Mimi niko wapi?"

"Hukuimba wewe. Ulikuwa unasali."

"Ndivyo inavyoimbwa."

"Basi hiyo maiki itie mdomoni kama mswaki."

Akaitia. Na safari hii sauti ilipotoka, hata Gharibu, aliyesikia kila kitu katika kazi ile, aligeuka kuangalia nyuma yake. Ilikuwa kama mtu amekaa ndani ya sikio lako. Kule Murungu alisikika na watu wa mtungi mmoja. Sasa angeweza kumnong'oneza kila mtu peke yake, na kila mmoja akadhani ameambiwa siri.

Akaimba ya lori. Akaimba ya mtendaji. Halafu, kidole kikiwa bado kina kidonda cha matanga, akaimba ya jogoo. Kwenye uzi mwembamba aliiga jogoo anawika, anakabwa, anawika tena, na Gharibu akacheka hadi akashika meza. Mwishoni kulikuwa na mstari ambao Tharsisi alikuwa ameutunga juu ya magunia njia nzima, na aliupenda kama mtu anavyopenda kisu kipya:

*Mwana yuko chini ya udongo, jogoo yuko juu ya paa.*
*Mama, katika hao wawili, ni yupi uliyemlilia?*

"Huu ndio unakuwa wa kwanza," Gharibu alisema. "Hayo ya malori weka nyuma."

"Mwenyewe hajajibu."

"Nani?"

"Mama mwenye jogoo. Kwetu lazima ajibu."

"Ajibu nini, kaka? Hii ni kaseti, si baraza la kata."

Tharsisi akakubali. Alikuwa na njaa ya siku mbili, na njaa nyingine ya zamani zaidi, ya kusikika. Gharibu akamtolea nakala, akaandika kwa kalamu ya wino juu ya kila moja: *Tharsisi na Inanga*. Picha hakuna. Redio ya taifa haikumjua, kampuni hakuwa nayo, bosi hakuwa naye. Alitia kaseti kwenye mfuko wa unga akatoka kuzinadi mwenyewe, soko kwa soko, na wenye vibanda vya redio wakazipiga kwa spika ya nje ili wateja wasimame.

Wakasimama. Kwenye kambi za wakimbizi, Warundi waliokimbia vita walisikia ubao wa kwao na Kiha, ambacho na lugha yao ni mtu na ndugu yake. Wakacheka kwa jogoo, na wengine wakalia kwa sababu ya nyuzi. Baadaye, Wakongo walipofunguliwa kambi Nyarugusu, hata wao walimzunguka. Maneno hawakuyajua, lakini jogoo ni jogoo. "Papa, rudilia ile ya jogoo," walimwambia, "iko muzuri sana!" Akaanza kuitwa kwenye arusi za Kibondo, kwenye ubatizo, kwenye sherehe za wenye maduka. Akanunua baiskeli. Wavulana walimfuata barabarani wakiwika.

Sasa tumwangalie mama wa watu.

Mwanzoni ilikuwa watoto. Theodosia akipita na kuni, mmoja anawika nyuma ya uzio, wenzake wanaitikia. Akawatukana, wakafurahi zaidi. Kisha ikawa wakubwa. Maisha yake yalikuwa kuuza pombe ya ndizi, nzuri, haina maji. Wateja wakaanza kuja kidogokidogo, mwisho hawakuja. Mtu wa Murungu aliyekuwepo siku ya matanga alijua ugomvi ni wa uzi uliokatika. Lakini kaseti ilikuwa imefika kwa watu ambao hawakuwepo, na hao walisikia mstari wa mwisho tu. Wakaulizana: mama gani huyo anayemwonea uchungu kuku kuliko mwanawe wa kumzaa? Na mtu anayeuliza hivyo jibu analo mfukoni tayari: amemroga mwenyewe. Watu wa Murungu nao, kwa kulisikia swali hilo kila siku kwenye spika, wakaanza kusahau walichokiona kwa macho yao.

Mkwewe, Aline, mjane wa Japhet, alivumilia. Mpaka siku moja akafunga mzigo.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nyabibuye, kwa wazazi wangu."

"Umesikia wanayosema."

"Mama, mimi sisemi lolote," Aline alijibu, kainama anafunga kanga. "Lakini mtoto ameanza kuuimba. Leo asubuhi alikuwa anamlaza mdoli wake kwa wimbo ule."

Theodosia hakumzuia. Alimsindikiza mpaka njia panda, akambusu mjukuu, akarudi kwenye nyumba ambayo ndani yake hata paka hakuwepo.

Mwezi uliofuata alikwenda Kasulu. Hakuwahi kufika huko maishani. Alimkuta Tharsisi kibandani kwa Gharibu, anafanya kaseti ya pili, amevaa shati jipya. Alisimama mlangoni, mavumbi ya lori mpaka kwenye nyusi, ile kamba bado kiunoni.

"Nimekuja kujibu," alisema. "Ni ubeti mmoja. Washa hicho chuma."

Gharibu akamtazama Tharsisi. Tharsisi akatazama nyuzi.

"Mama, ile kaseti yenye jogoo imejaa," Gharibu alisema kwa upole.

"Futa wimbo wa lori."

"Kaseti zimeshatoka, mama Japhet," Tharsisi alisema. "Hata ukijibu leo, nani atapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya zile?"

Theodosia alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na aliona kwamba hilo ni kweli.

"Haya. Jibu liache. Basi mtaje mwanangu, hapohapo kwenye chuma. Kama aibu yangu imefikishwa kila mahali bila mimi, jina lake nalo lifike. Mtaje, nisikie, nifungue hii kamba. Jogoo nitakuletea."

Lilikuwa jambo la pumzi moja. Lakini Gharibu alikuwa anatazama, na wateja wawili mlangoni walikuwa wameshamtambua mama huyo ni nani, wanafinyana. Tharsisi aliona aibu ya kuinamishwa mbele za watu.

"Jogoo ungemlipa wakati ule," alisema.

Mmoja wa wateja akawika. Theodosia akageuka, akatafuta lori la kurudi.

Haukupita muda mrefu. Vijana wa vijiji vya jirani walichanga, wakamleta mtu kutoka mbali aliyesifika kwa kutoa uchawi majumbani. Wakapita kwa wazee kadhaa, wakiwanyoa vichwa na kuwachanja. Kwa Theodosia walikaa zaidi. Wakachimba sakafu, wakatoa pembe ambayo kila mtu aliona wameingia nayo, wakaishangilia kama vile imeota. Wakamnyoa. Mitungi yake ya pombe wakaivunja mmoja mmoja. Kuku wakawachinja wakala. Nyumba wakaitia moto mchana kweupe, na yeye wakamwambia akae atazame. Viongozi walifika jioni, wakaandika, wakaondoka.

Tharsisi alikuwa ziarani Kibondo. Aliporudi, baiskeli inang'aa, kengele inalia, Evaline alikuwa anapalilia. Jembe hakuliacha.

"Wamemchomea mama Japhet."

"Nimesikia njiani."

"Umesikia na kwamba walikuja na redio? Walikuwa wanapiga wimbo wako huku wanachimba. Betri ziliisha, wakaimba wenyewe."

Tharsisi akaegesha baiskeli. "Mimi sikuwatuma, Evaline."

"Jogoo naye hamtumi mtu kuamka. Anawika tu." Akapiga jembe chini. "Nilimpelekea chumvi. Anakaa kwenye kile kibanda chake cha jiko, kichwa kina vidonda. Ameniuliza kama wewe hujambo."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hujambo, una shati jipya."

Mtu angedhani Tharsisi alikwenda kwa Theodosia siku hiyohiyo. Hakwenda. Alikuwa na arusi ya kupiga, na baada ya hiyo nyingine. Mtu aliyelala njaa miaka mingi hakatai sahani eti kwa sababu inanuka. Lakini kwenye arusi moja pale Kibondo, walipomwomba ya jogoo, akaamua kuuruka mstari wa mwisho. Alipiga nyuzi tupu pale penye maneno. Na watu, bibi arusi na wazazi wake na wapishi, wakaujaza wao kwa pamoja, kwa sauti kubwa, wanapiga makofi: *Mama, katika hao wawili, ni yupi uliyemlilia?* Ilikuwa mara ya kwanza kuusikia ukiimbwa kwa kelele, bila yeye. Akaona kwamba hata mdomo wake wangeushona, wimbo ungeendelea kutembea.

Asubuhi iliyofuata hakusubiri chakula cha wapigaji. Alipanda baiskeli mpaka Murungu, akapita kwake bila kusimama, akafika kwenye kile kibanda. Theodosia alikuwa nje, anaanika mihogo juu ya bati lililopinda kwa moto. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe zote.

"Mwakeye, mama," alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye. Umekuja kudai?"

"Nimekuja kumaliza kazi."

"Hapa hakuna majivu ya matanga. Yaliyopo ni ya nyumba."

"Hayohayo," Tharsisi alisema.

Mama yule akaacha mihogo. Halafu akavuta gogo, akakaa, akamwonyesha akae mbele yake. Goti kwa goti. Akainama hadi sikio lake likawa karibu na mdomo wa Tharsisi, kama mama anayesikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Tharsisi akapiga. Akamwimba Japhet, jinsi alivyokuwa anapiga mluzi akitoka shamba, jinsi alivyomtania kila mtu isipokuwa mama yake. Akalitaja jina. Akalitaja tena. Theodosia safari hii hakulia. Aliitikia kwa kichwa kila jina lilipopita, kama anayehesabiwa kitu mkononi. Kisha akafungua kamba. Ilikuwa imekauka, ikakatikia vidoleni. Vipande akavitupa kwenye majivu.

"Sasa niimbie na ule."

"Upi, mama?"

"Usinifanye mjinga. Nimeusikia kwenye maduka, nimeusikia kwa watoto, nimeusikia nikichomewa nyumba. Kutoka kinywani mwako sijausikia. Imba."

Aliimba. Wote, na mstari wa mwisho hakuuruka, kwa sababu mama yule alikuwa amemkazia macho. Vidole vilikosea mahali pa kuwika. Alipomaliza, Theodosia alikohoa kusafisha koo, na akachukua haki yake ya ubeti mmoja. Hakunong'ona.

*Jogoo nilimfunga mguu, anakungoja mlangoni.*
*Ukaniletea nyuzi, jina ukalila njiani.*
*Aliyekula jina la maiti, kuku atamshibisha?*

Hapakuwa na mtungi wala watu wa kucheka. Mbali, kwenye kibanda cha duka, redio ya mtu ilikuwa inaimba, na haikujulikana ni nini inaimba.

Theodosia akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kuku kamkumbatia. Kilikuwa kijogoo tu, hata mkia haujakamilika. Mtetea aliyekizaa alinusurika siku ile ya moto kwa kuwa alikuwa anaatamia porini.

"Sikitaki, mama," Tharsisi alisema. "Nakuomba."

"Sikukuuliza kama unakitaka. Ulinidai mbele ya watu, dunia nzima inajua nadaiwa. Unataka nife na deni? Pokea."

Akakipokea kwa mikono miwili.

"Mshike vizuri miguu," Theodosia alisema, akirudi kwenye mihogo yake. "Akikutoroka njiani, usije hapa kudai tena."